Je, Wajua? Mabibo Hayangoji Sikukuu

Je, wajua kwamba nchini Msumbiji tarehe 25 Desemba ni Siku ya Familia, mapumziko ya wote, Waislamu na Wakristo? Kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, wiki za kuielekea ni msimu wa korosho. Wareno walileta mkorosho kutoka Brazili karne ya 16. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji iliongoza duniani kwa zao hili. Utamu wenyewe uko kwenye bibo, tunda la mkorosho lenye majimaji. Likishaanguka huharibika upesi, hivyo hukamuliwa mapema. Juisi mbichi hunywewa na wakubwa kwa watoto. Ikichachuka huwa uraka, pombe wanayoijua vyema Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma. Ukikaribishwa, vaa nguo ya zamani: doa la bibo halitoki.