Dinosaria Aliyerudi kwa Mama Yake

Wally alikuwa mtoto wa chekechea huko Chicago, Marekani. Siku moja aliyokuwa ameshakalishwa mara mbili kwenye kiti cha adhabu, mwalimu wake, Vivian Gussin Paley, alimwuliza kama angependa kuandika hadithi. Wally akashangaa: kuandika alikuwa bado hajafundishwa! Mwalimu akamwambia asimulie tu, kalamu ataishika yeye.

Hadithi ilikuwa fupi. Dinosaria alibomoa mji, watu wakakasirika, wakamtia jela. Paley akauliza kama ndio mwisho, au dinosaria alitoka. Hapo Wally akaongeza kwamba aliahidi kuwa mwema, akaachiliwa aende kwao, na mama yake alikuwa akimsubiri. Kwa swali hilo dogo kisa kikapata hatima yake.

Kwa kumhurumia Wally, Paley aliwaita watoto waiigize hadithi hiyo papo hapo. Kabla ya hapo ni wachache waliopenda kusimulia ili waandikiwe. Walipomwona dinosaria wa mwenzao akitembea darasani, wengi wakataka zamu. Paley alieleza hayo katika kitabu chake *Wally's Stories* cha mwaka 1981.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mtoto husimulia, mwalimu huandika maneno yake kama yalivyo, akiyatamka taratibu ili mtoto aone sauti yake ikigeuka herufi. Kisha darasa huketi kuzunguka jamvi. Mtunzi huchagua atakuwa nani, wenzake hugawana nafasi zilizobaki, mwalimu husoma nao huigiza. Mavazi na vifaa si lazima.

Uigizaji ndio unaofundisha. Hadithi ikisema tu kwamba simba alikuja, mwigizaji atafika katikati ya jamvi, asimame, amtazame mtunzi. Simba alifuata nini? Alimkuta nani? Mtunzi ataona mwenyewe palipopungua, na ataongeza.

Watoto wetu hawaanzi patupu. Anayeitikia "Pakawa!" bibi anaposema "Paukwa!" anajua kwamba hadithi ina mlango wake. Wanaocheza baba na mama, wakipika mchanga kwenye vifuu, wanatunga wahusika na mazungumzo kila siku. Wanachokosa mara nyingi ni mtu mzima wa kuyaandika.

Basi mzazi, jioni ya leo chukua daftari. Mwombe mwanao akusimulie, andika neno kwa neno bila kumsahihisha, umsomee alichosema. Akinyamaza, mwulize: halafu ikawaje?