Utando, jua na maji ya visima vya Dodoma

Dodoma haina ziwa la karibu wala mto wa kudumu wa kuunywesha mji. Kwa miongo mingi imeishi kwa visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, na kwa visima vya mitaani na vijijini. Maji yanayong'aa kwenye ndoo si lazima yawe salama. Mwaka 1996 mwanajiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti kuhusu nitrati nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma. Chanzo kikuu alikiona kwenye majitaka.

Kuchemsha huua vijidudu, na kila mama anayechemsha anafanya jambo jema. Nitrati, hata hivyo, haina uhai wa kuuawa. Floridi, madini mengine yanayopatikana katika maji ya visima, nayo haiondoki: kadiri mvuke unavyopaa ndivyo inavyozidi kukolea sufuriani.

Hapo ndipo utando unapohitajika. Ni ngozi nyembamba ya plastiki. Maji husukumwa kwa shinikizo yakapenya, uchafu ukabaki nyuma. Utando wa nano huzuia floridi, urani na mabaki mengi ya dawa na viuatilifu. Nitrati ni mkaidi zaidi. Sehemu kubwa yake huponyoka, hivyo hudai utando wa osmosisi ya kinyume wenye vitundu vidogo zaidi, na shinikizo kubwa zaidi, yaani nishati zaidi.

Nishati hiyo yaweza kutoka juani. Huko Mdori, mkoani Manyara, watafiti wa Andrea Schäfer kutoka Taasisi ya Teknolojia ya Karlsruhe, Ujerumani, walishirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kujaribu mtambo wa utando unaoendeshwa kwa paneli za jua. Floridi ya kisima cha huko ilizidi kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Utando uliochaguliwa vizuri uliishusha chini ya kikomo hicho.

Jua la Dodoma linatosha kabisa. Tatizo gumu ni maji machafu yanayobaki, yenye chumvi iliyokolea. Bonde la Bahi, magharibi mwa jiji, halina njia ya kwenda baharini: kinachomwagwa pale hubaki pale. Ndiyo maana ni busara kuchuja maji ya kunywa na kupikia tu, ya kufulia yaachwe yalivyo, ili masalia yawe machache. Na kwa nitrati, fedha za kwanza ziende kwenye mabomba ya majitaka na makaro yasiyovuja, kabla utando haujanunuliwa.