Lile giza katikati ya nyota si tupu

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuangalie juu.

Mwezi wa saba kule Kisondela, mvua zikishapungua na baridi imekolea, toka nje kama saa tatu usiku ulitafute kundi la Nge, ambalo wengine huliita Akarabu. Nyota yake nyekundu, Antares, inakuwa juu karibu na utosi. Hapo jirani, ule mkanda wa Njia Nyeupe una mabaka meusi. Wengi tunadhani ni sehemu zilizokosa nyota. Hata William Herschel, mtaalamu mkubwa wa karne ya 18, alidhani kuna tundu mbinguni upande huo. Si tundu jamani. Ni wingu, na humo ndani nyota zinazaliwa hata sasa.

Wingu lenyewe si la mvua kama letu la Tukuyu. Ni gesi, hasa haidrojeni, pamoja na vumbi laini sana, na baridi yake inafika kama nyuzi -263 za Selsiasi. Baridi hiyo ndiyo mtaji. Gesi ya moto inajitanua, ya baridi haina ubavu huo, kwa hiyo uzito wake wenyewe unaishinda. Fungu moja linaanza kuporomoka kuelekea katikati, linabanwa, linapata joto. Na kwa kuwa lilikuwa linazunguka taratibu, likisinyaa linazidi kasi na kutandaza sahani ya gesi na vumbi pembeni. Katikati nyota, kwenye sahani sayari. Joto la ndani likifika nyuzi milioni 10 hivi, haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu. Jua letu lilipita njia hiyo hiyo miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Sasa utauliza, nani alikaa akasubiri? Nyota ya saizi ya Jua huchukua makumi ya mamilioni ya miaka mpaka itulie. Hakuna aliyesubiri. Mgeni akiingia kwenye migomba ya Kisondela mchana mmoja tu, ataona vichipukizi, migomba michanga, yenye mikungu na iliyokwisha katwa. Maisha ya mgomba ameshayaelewa bila kulala shambani. Wanaanga nao wanatembea hivyo hivyo kwenye mawingu, wanaona kila umri mahali pake.

Tatizo ni lile vumbi, linaziba mwanga. Lakini ukungu ukishuka kijijini humwoni jirani, na bado redio yako inakamata stesheni, si ndiyo? Basi mawimbi ya redio na miale ya joto hupenya vumbi ambalo macho yameshindwa. Mwaka 2014 mitambo ya ALMA kule Chile ilitoa picha ya nyota changa HL Tauri, umbali wa miaka nuru 450 hivi, na sahani yake ina mistari ya duara kama santuri. Mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri mwaka mzima, na mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe! Julai 2023 ikatoka picha ya darubini ya Webb ya lile wingu la jirani na Antares, miaka nuru 390. Ndani yake zinaonekana nyota changa kama 50.

Ila kuna njia ya tatu, na hii imepita hapa hapa Afrika Mashariki, sijui kwa nini shuleni hatukuisikia. Nyota changa zina hasira, zinalipuka juu juu na kutoa eksirei nyingi kuliko Jua. Eksirei haifiki ardhini, hewa inaizuia, lazima upande juu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili kabisa! Kati ya ilivyovikuta ni eksirei kutoka upande wa nebula ya Orion. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Baadaye setilaiti ya Chandra iliikodolea macho sehemu hiyo mwaka 2003, ikakuta zaidi ya nyota changa 1,400.

Najua wapo watakaosema nyota zote ziliumbwa siku moja zikaisha. Sitaki ugomvi na mchungaji wa mtu. Nasema tu picha zipo.

Ukitaka kujionea, amka mwezi wa tisa saa kumi alfajiri, utazame mashariki. Kilimia, ile ambayo wazee walipangia kilimo, itakuwa juu. Zile zilitoka kwenye wingu lao kama miaka milioni 100 iliyopita. Chini yake tafuta nyota tatu zilizopangana mstari. Pembeni ya hizo tatu kuna vijinyota, kimoja kina ukungu. Hicho si kinyota, ni nebula ya Orion, na mwanga unaouona uliondoka huko kama miaka 1,300 iliyopita.