Dawa za Maradhi ya Akili na Ngozi ya Mgonjwa: Lipi la Kusubiri, Lipi la Kukimbilia Hospitali



Aila nyingi za pwani zina mtu anayetumia dawa za maradhi ya akili, na aghalabu jambo hilo halizungumzwi barazani. Vidonge huwekwa kabatini nyuma ya nguo, na anayevitoa kwa saa zake ni mama au dada. Kwa kuwa habari yenyewe ni ya siri, dawa inapoleta mabadiliko katika ngozi, aila hubaki peke yake kuyafasiri. Huyu husema ni husuda, yule husema ni damu chafu inayotoka, na mwengine humlaumu samaki aliyeliwa jana.

Katika tafsiri hizo huzaliwa madhara ya namna mbili. Wapo wanaoiacha dawa kwa sababu ya doa lisilohatarisha uhai, na maradhi yakarejea kwa nguvu kuliko mwanzo. Na wapo wanaoendelea kumpa mgonjwa kidonge ilhali ngozi yake imekwisha kutangaza hatari ya mauti. Tumeona ni wajibu wetu kuandika juu ya jambo hili ili wasomaji waweze kuyatenganisha hayo mawili.

Jua letu na dawa ya klopromazini

Klopromazini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Largactil, ndiyo iliyofungua mlango wa tiba mpya ya wazimu. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, na hadi leo inatolewa katika kliniki zetu. Dawa hii ina tabia ya kuifanya ngozi isistahimili jua. Mtu aliyekuwa akivua au akilima bila ya shida huona uso na mikono inaungua baada ya muda mfupi tu. Akiitumia kwa miaka mingi na kwa vipimo vikubwa, huweza kugeuka rangi ya kijivu iliyochanganyika na samawati usoni, shingoni na mikononi, yaani zile sehemu ambazo jua huzifikia.

Mama mmoja alitujia baada ya swala ya alasiri na mfuko wa vidonge vya mwanawe. Akatuuliza, "Sheikh, uso wa mwanangu umekuwa kama jivu. Dawa hizi nizitie baharini?" Tukamjibu, "La, mama. Usizitupe wala usizikate. Mpeleke kwa daktari wake auone uso huo, na hadi siku hiyo akae kivulini." Daktari alimbadilishia dawa kidogo kidogo, nyingine ikiingia huku ya kwanza ikipunguzwa. Kijana hakurudi katika maradhi yake. Rangi ya namna hiyo haiondoki kwa juma moja. Hufifia polepole baada ya dawa kubadilishwa.

Mombasa iko karibu nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na jua lake la adhuhuri halina huruma. Anayetumia dawa hii na aepuke jua kali la mchana, avae nguo ya mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana, na akiweza apake mafuta ya kukinga jua. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui: vidonge vya klopromazini havifai kupondwa ili kufichwa ndani ya uji. Vumbi lake huweza kumletea mwasho na upele yule anayeviponda. Mgonjwa akikataa kumeza, mweleze daktari, kwani zipo njia nyingine za kumpa dawa.

Chunusi, magamba na shingo nyeusi

Lithiamu hupewa wale ambao nyoyo zao hupanda kwa furaha isiyo na mpaka kisha zikashuka kwa huzuni nzito. Dawa hii huweza kuleta chunusi, na kwa mwenye maradhi ya ngozi ya magamba huweza kuyazidisha. Hayo husumbua, khususan kwa kijana anayetazamiwa posa, lakini yana matibabu. Kuikata lithiamu kwa ghafla ni kumwita mgonjwa arudi alikotoka.

Dawa nyingine, mfano wa olanzapini, huongeza hamu ya kula na uzito. Mwili ukinenepa upesi hutokea michirizi tumboni na mapajani. Ngozi ya shingo na kwapa ikiwa nyeusi, nene na laini mfano wa mahameli, wengi hudhani ni uchafu, wakamsugua mgonjwa kwa dodoki hadi akachubuka. Mara nyingi hiyo ni ishara kuwa mwili umeanza kushindwa kuitumia sukari vyema. Anachohitaji mgonjwa hapo ni kupimwa sukari ya damu na kurekebishiwa chakula.

Katika yote hayo tunatahadharisha juu ya mkorogo. Mafuta ya kujichubua, mengine yakiwa na zebaki, huongeza dhara juu ya dhara, na humficha daktari alama anayohitaji kuiona.

Upele usiongojewa asubuhi

Sasa tuje kwenye lile la kuogopwa. Kabamazepini, inayojulikana pia kwa jina la Tegretol, na lamotrijini ni dawa za kifafa ambazo hutumika vilevile kutuliza maradhi ya akili. Wengi huzitumia kwa salama. Lakini kwa watu wachache huleta maradhi mazito ya ngozi yaitwayo Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioyaeleza mwaka 1922. Aghalabu hutokea katika wiki nane za mwanzo za kutumia dawa.

Huanza kama homa ya kawaida: joto, koo kuuma, macho kuchoma. Kisha hutoka madoa yanayouma, malengelenge, na vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri. Mwisho ngozi hubanduka kama ya aliyemwagiwa maji ya moto. Ikibanduka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, takriban theluthi moja ya wagonjwa hufariki. Upo pia upele unaokuja pamoja na homa, uso kuvimba na tezi kuvimba, ambao hudhuru ini na viungo vingine vya ndani.

Vitabu vingi vya tiba huandika kuwa upele ni mwekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Doa huwa la zambarau, au jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, na mara nyingine mkono huugundua upele kabla ya jicho. Kwa hivyo tazameni ndani ya midomo, weupe wa macho, viganja na nyayo. Na kwa kuwa dada zetu mwili wao umesitirika, mama au dada na amtazame mgonjwa baada ya kuoga katika wiki hizo za mwanzo. Sitara haikuwekwa ili maradhi yajifiche chini yake.

Mgonjwa mwenye homa na upele, au vidonda vya mdomo, au malengelenge, au ngozi inayouma, au midomo na uso uliovimba, asipewe kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, pamoja na pakiti za dawa zote alizotumia. Akipumua kwa shida, msingoje hata kutafuta nguo. Msimpake majivu, samli wala dawa ya meno. Na aliyebanduka ngozi asilazimishwe maji katika udhu, kwani sharia imemfungulia mlango wa tayamamu.

Kinga kabla ya dhara

Lamotrijini huanzwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku katika wiki mbili za kwanza, kisha hupandishwa taratibu. Akiwa mgonjwa anatumia pia valproeti, kipimo hicho hupunguzwa, kwa sababu valproeti huifanya lamotrijini ikae mwilini muda mrefu zaidi. Anayemwongezea mgonjwa kidonge ili apone upesi anamwita huyo adui tuliyemtaja. Na aliyeiacha kwa siku kadhaa mfululizo asirudie kipimo chake cha zamani kabla ya kumuuliza daktari, kwani huenda akahitaji kuanza upya kutoka chini.

Kuhusu kabamazepini, watafiti wa Taiwan walibainisha mwaka 2004 kuwa hatari yake hufungamana na urithi fulani wa damu, unaopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Asia. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikashauri watu wa asili hiyo wapimwe kabla ya kuanza dawa. Wenzetu wa pwani ambao mababu zao walitoka Bara Hindi na wamtajie daktari asili yao. Na yeyote ambaye yeye au ndugu yake wa damu aliwahi kubanduka ngozi kwa dawa, asione haya kulisema.

Tukumbuke pia kuwa mkosaji si lazima awe dawa ya akili. Septrin na dawa nyingine za jamii ya salfa zina sifa hiyo hiyo ya kuleta upele mzito. Kwa hivyo daktari aelezwe kila kilichoingia mwilini, pamoja na miti shamba. Daftari dogo lenye tarehe ya kuanza dawa, kipimo chake, na siku upele ulipoonekana humsaidia daktari kuliko maneno mengi. Nchini mwetu Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa za madhara ya dawa; mwombeni mhudumu wa afya aipeleke taarifa yenu, ili mgonjwa wa nyumba nyingine anusurike.

Watu hutuuliza kama dua na kisomo vinatosha. Jawabu letu ni kuwa dua na dawa hazikuwahi kugombana. Msomeeni mgonjwa wenu, na mumpeleke kliniki. Doa la jua, chunusi na shingo nyeusi yangoje siku ya kumwona daktari, huku dawa ikiendelea. Homa yenye upele, vidonda vya mdomo na ngozi inayobanduka havingoji. Yaandikeni haya katika karatasi na muibandike ndani ya mlango wa kabati lile lile mnamoficha vidonge, ili anayempa mgonjwa dawa ayaone kila siku. Allah awape wagonjwa wetu shifaa, na awape wanaowauguza subira.