Kwa Nini Programu Ilitugomea: Leseni za Kompyuta na Hesabu Zake



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia mishahara, mikataba, ajali za mashine na nyumba za laini. Leo tunazungumzia kompyuta ya ofisi ya tawi. Msidhani kwamba hilo ni jambo la makarani peke yao. Ndani ya kompyuta hiyo mna majina yenu, namba zenu za kazi, ada mliyokatwa na siku mlizofanya kazi bila kulipwa. Siku mashine hiyo ikigoma, anayeumia ni mchuma chai na mfanyakazi wa kiwandani.

YALIYOTUPATA

Tawi letu liko katika mashamba ya chai, magharibi mwa Uganda. Tuna kompyuta moja, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Pamoja nayo tulinunua, kwa fedha za ada, programu ya hesabu ya kutunzia daftari la wanachama. Leseni ilikuwa ya kompyuta moja, na karatasi iliyokuja nayo ilisema kwamba namba ya leseni inaweza kuamilishwa mara tatu. Kuamilisha maana yake ni kuipatia programu ruhusa ya kufanya kazi. Unaandika namba uliyouziwa, kompyuta inaipeleka kwa mwenye programu kwa njia ya intaneti, naye anajibu ndiyo au hapana.

Maneno yale "mara tatu" hatukuyatilia maanani. Nani angedhani kwamba kompyuta moja itahitaji ruhusa zaidi ya moja?

Tuliamilisha mara ya kwanza siku tuliyonunua. Baadaye virusi viliingia kwa njia ya flashi iliyotoka mjini. Fundi akafuta kila kitu, akaweka mfumo endeshi upya, kazi ambayo vijana wa dukani huiita kupiga Windows. Tukaandika namba yetu mara ya pili. Kisha umeme ukakatika mashine ikiwa kazini, nayo ikakataa kuwaka. Fundi akapiga upya, tukaandika namba mara ya tatu. Halafu mashine ikawa nzito tu. Hatukuuliza sababu, tulimwambia fundi apige upya kama alivyozoea. Tulipoandika namba mara ya nne, jibu likaja kwamba idadi ya ruhusa za namba hii imekwisha.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi tulikuwa na kikao na mwajiri juu ya siku za vibarua zisizolipwa. Daftari letu lilikuwa salama katika flashi, lakini hatukuwa na programu ya kulifungua. Tulikaa usiku mbili kwa taa, tukinakili kutoka kwenye kadi za mizani na vishina vya risiti. Wachumaji wa shambani tuliwapata karibu wote. Wenzetu wa zamu ya usiku kiwandani hatukuwapata, kwa sababu karatasi zao tulikwisha kuzitupa baada ya kuziingiza katika kompyuta. Madai yao yakangoja kikao cha mwezi uliofuata. Walituuliza kwa nini, na hatukuwa na jibu zuri. Makala hii ndiyo jibu letu.

KWA NINI PROGRAMU HUHESABU

Chukueni mfano wa nyumba za laini. Karani wa shamba ana daftari la nyumba. Mfanyakazi akihama, hurudisha ufunguo, na karani huandika kwamba nyumba ni tupu. Akiondoka usiku bila kurudisha ufunguo, daftari linaendelea kusema kwamba nyumba ina mtu, hata kama mlango uko wazi na kuku wanalala ndani.

Leseni ya programu ni hivyo hivyo. Mwenye programu ana daftari katika mashine yake kuu, ambayo huitwa seva. Unapoamilisha, seva huandika kwamba nafasi moja imechukuliwa. Ukiifuta kompyuta yako bila kuiarifu seva, ile nafasi hubaki imechukuliwa na kompyuta ambayo haipo tena. Ukirudi na namba ile ile, seva huona mgeni mwingine. Ndiyo maana kompyuta moja ilionekana kama kompyuta nne.

Mtauliza: mbona mashine ni ile ile? Inategemea programu inaitambuaje mashine. Zipo zinazotazama vyuma vyenyewe, yaani bodi kuu, diski, kadi ya mtandao na vinginevyo. Hizo mara nyingi huitambua mashine hata baada ya kupigwa upya, isipokuwa kifaa kikubwa kikibadilishwa. Zipo nyingine zinazoacha alama katika diski. Diski ikifutwa, alama inafutika, nayo programu haina njia ya kujua kwamba ilikwisha kuwa hapo.

Sababu ya kuhesabu ni kumzuia mtu kununua leseni moja na kuwagawia jirani zake kumi. Ubaya wake ni kwamba kipimo hicho hicho humkamata na mtu mwaminifu ambaye mashine yake inaharibika mara kwa mara. Na mashine zinazoharibika mara kwa mara ni zile kuukuu, katika mahali ambapo umeme hautulii. Ni zetu sisi.

WINDOWS YENYEWE JE?

Windows nayo ina uamilisho wake. Utaratibu huu ulijulikana sana kwa Windows XP, iliyoanza kuuzwa tarehe 25 Oktoba 2001. Mtumiaji alipewa siku 30 za kuamilisha. Windows 10 na 11 haziifungi mashine isiyoamilishwa. Huandika onyo pembeni mwa kioo na kukuzuia kubadili baadhi ya mapambo, lakini kazi inaendelea.

Yafaa mjue leseni yenu ya Windows ni ya aina gani, kwa maana kila aina ina hesabu yake:

Ya kwanza ni ile iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Hiyo imefungwa na mashine ile. Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu 2012, namba yake imehifadhiwa ndani ya bodi kuu. Ukipiga upya toleo lile lile, inajiamilisha yenyewe. Bodi kuu ikibadilishwa, kuna shida.

Ya pili ni ile inayonunuliwa peke yake dukani. Hiyo yaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, mradi isitumike katika mbili kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni ya makampuni na mashule, ambapo namba moja hutumika kwa kompyuta nyingi. Namba ya namna hiyo, iitwayo MAK, ina idadi maalum ya ruhusa, na kupiga upya mashine ile ile huweza kula ruhusa nyingine. Hapa jihadharini. Wako wauzaji wanaochukua namba za namna hii na kuwauzia watu mmoja mmoja kwa bei ndogo. Namba inakubali leo. Kesho idadi imekwisha na muuzaji hapokei simu.

Kutambua aina si kazi kubwa. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Katika maelezo yatakayotokea tafuta neno OEM, ambalo ni leseni ya kiwandani, au RETAIL, ya dukani, au VOLUME, ya makampuni. Kama tawi lenu limeuziwa namba na mtu wa mjini na mnaona VOLUME, mwulizeni akupeni hati yake.

MAMBO YA KUFANYA

Haya ndiyo tuliyojifunza, nasi tunayaweka kwa mpango ili kila katibu wa tawi ayabandike ukutani.

Kwanza, kabla ya kupiga upya, tafuteni chanzo. Mashine nzito huenda diski yake inakufa au imejaa virusi. Diski mbovu ikipigwa upya itaharibika tena, nanyi mtakuwa mmepoteza ruhusa moja bure. Fundi akisema "tupige upya", mwulizeni ameona nini.

Pili, rudisheni ufunguo kabla ya kuhama. Programu nyingi zenye hesabu zina mahali pa kuondoa uamilisho. Fanyeni hivyo mashine ikiwa bado inawaka na intaneti ipo. Kama mashine imekwisha kufa, tazameni kama mwenye programu ametoa njia ya kufuta nafasi za zamani kutoka kompyuta nyingine. Programu ya muziki ya iTunes, kwa mfano, huruhusu kompyuta 5, na mara moja kwa mwaka mtumiaji anaweza kuzifuta zote na kuanza upya. Programu za Adobe za kulipia kila mwezi huamilishwa katika kompyuta 2, na ukiingia kwenye ya tatu unaweza kuziondoa za awali.

Tatu, wekeni nakala ya diski nzima. Hili lingetuokoa. Siku mashine ikiwa safi, programu zote zimeingia na zimeamilishwa, mwambieni fundi achukue nakala kamili ya diski katika diski ya nje. Ipo programu ya bure, Clonezilla, inayofanya kazi hiyo. Mashine ikiharibika, mnarudisha nakala ile badala ya kuanza upya, na kwa kawaida uamilisho hurudi pamoja nayo, maadamu vyuma ni vile vile.

Nne, tunzeni hati. Risiti, namba ya leseni, tarehe ya kununua na tarehe ya kila uamilisho viandikwe katika daftari la karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leseni nayo ni mali.

Tano, idadi ikiisha, andikeni barua. Msigombane na fundi, wala msikimbilie kununua nyingine. Sisi tulimwandikia mwenye programu, tukaambatanisha picha ya risiti, tukaeleza tarehe tatu za kupiga upya na sababu zake, na kwamba kompyuta ni moja tu. Baada ya siku nane alijibu kwamba hesabu imerudishwa mwanzo. Hakudai hata senti. Lakini siku nane ni nyingi kwa mtu mwenye kikao Alhamisi, kwa hiyo barua hiyo iandikwe mnapoona mmebakiwa na ruhusa moja.

Sita, karatasi zisitupwe. Orodha ya wanachama na madai yao ichapwe kila mwezi na kufungiwa kabatini. Karatasi haiombi ruhusa ya mtu.

JUU YA PROGRAMU ZILIZOVUNJWA

Usiku ule wa Jumatatu kijana mmoja, kwa nia njema, alituletea flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli. Tulikataa, ingawa tulikuwa katika dhiki. Programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi ndani yake, na virusi ndivyo vilivyotuanzishia safari hii yote. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta. Chama kinachokwenda mezani kumdai mwajiri aheshimu sheria hakiwezi kubeba daftari lililoandikwa kwa mali ya wizi. Mwajiri akijua, madai yetu ya haki yatageuka kuwa kesi yetu sisi.

Njia halali isiyo na gharama ipo. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, huandika barua na kutengeneza majedwali ya hesabu, hufungua mafaili mengi ya Word na Excel, na haiombi namba wala haihesabu. Mfumo endeshi wa Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004, nao ni wa bure. Mtaupiga upya mara mia bila kuulizwa. Kujifunza kunataka subira, na programu kadhaa za hesabu hazifanyi kazi humo. Hata hivyo daftari la wanachama, ambalo ni majina na tarakimu tu, sisi tumekwisha kulihamishia LibreOffice. Ile programu ya kununua tumeibakiza kwa hesabu za fedha.

Tunalisema hili sasa kwa sababu moja zaidi. Matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Matawi mengi yenye mashine kuukuu yatalazimika kubadili mfumo, na mafundi watafuta diski nyingi. Kabla hamjamruhusu fundi kugusa mashine, katibu na mweka hazina wakae pamoja, waandike orodha ya programu zote zenye leseni, waondoe uamilisho wa kila moja, na wachape daftari la wanachama.

Wenzetu wa zamu ya usiku walilipwa siku zao baada ya kikao cha pili. Walingoja mwezi mzima kwa kosa ambalo halikuwa lao. Tunaomba tawi lolote lisiwafanyie watu wake hivyo tena.

Umoja ni nguvu.