Watoto wa Nyumba Moja, Mahitaji Tofauti



Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mchango wa kila wiki. Watoto tunawataja wakati wa karo tu. Lakini kaa kidogo na akina mama wakisuka vikapu, utasikia: "Mkubwa wangu alitembea akiwa na mwaka mmoja, huyu wa pili bado anatambaa." Ama: "Huyu nimemchapa mpaka nimechoka, hasikii!"

Je, umewahi kujiuliza kama ni kweli hasikii? Katika toleo hili tuangalie kwa nini watoto waliolelewa nyumba moja, kwa chakula kimoja, hawakui sawasawa, na sisi tufanye nini.

MAHITAJI YA WATOTO WOTE

Kila mtoto anahitaji chakula cha kutosha, usafi, chanjo, usingizi, upendo, michezo, na mtu mzima wa kuzungumza naye. Akikosa kimoja, ukuaji wake unapungua: wa mwili, wa akili, hata wa tabia.

Lakini vidole vya mkono mmoja havilingani. Zaidi ya mahitaji hayo ya wote, kila mtoto ana lake. Mzazi asipolijua, humpa mtoto jina: mkaidi, mvivu, mjinga. Jina likishakaa, hakuna anayetafuta sababu tena.

ANAYEITWA MKAIDI

Watoto wengi hutokwa na usaha masikioni, na sisi tunaona ni jambo la kawaida. Si la kawaida. Ugonjwa huo ukiachwa huharibu kusikia. Na mtoto asiyesikia vizuri hajifunzi kusema vizuri, kwa sababu maneno huingia kwa sikio kwanza. Akienda shule anakaa nyuma, haelewi, anachapwa.

Jaribu hivi: simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya chini, au utikise kopo lenye punje za mahindi. Kama hageuki, rudia siku nyingine. Kama bado, mpeleke zahanati. Usimtie mafuta wala dawa ya majani sikioni.

ANAYEITWA MVIVU

Mtoto anayesinzia darasani na kuchoka upesi huenda amepungukiwa na damu. Minyoo, malaria ya mara kwa mara, na ugali mtupu siku baada ya siku huleta hali hiyo. Apimwe damu, apewe dawa ya minyoo, na aongezewe maharagwe, omena, mboga za kijani, na ini likipatikana. Chai asipewe pamoja na chakula, kwa maana inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula.

Mwingine ana damu ya kutosha lakini haoni ubao. Ukimwona akikunja uso au akishika kitabu karibu na pua, apimwe macho kabla hajaitwa mjinga.

ANAYEITWA MTUKUTU

Mtoto aliyefiwa na mzazi, au anayelala akisikia baba na mama wakipigana, anaweza kuanza kukojoa kitandani tena, kupiga wenzake, au kunyamaza kabisa. Huyu dawa yake haiko kwa daktari peke yake. Aelezwe ukweli kwa maneno mepesi, wala asidanganywe ati mama amesafiri. Apate mtu mzima mmoja wa kumkimbilia, awe nyanya, shangazi ama jirani.

ANAYEFICHWA

Huyu ndiye anayeumiza moyo zaidi. Wako watoto ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa kugumu, au kwa manjano kali baada ya kuzaliwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Si laana, wala si dhambi ya mama. Akilazwa chumba cha nyuma mchana kutwa, misuli yake inakaza na viungo vinapinda, na kile alichoweza kujifunza kinampita.

Mkalishe ukiwa umemwegemeza kwenye pembe ya ukuta, aone watu wakipita. Mbebe ubavuni, miguu yake ikiwa imeachana. Mlishe akiwa ameketi, si amelala, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mwongeleshe hata kama hajibu.

USINGOJE

Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza ya maisha. Ndiyo maana wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto hawaendi mwendo mmoja, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini tafuta ushauri mapema kama mtoto:

- hageukii sauti akiwa na miezi 3 au zaidi;
- haketi peke yake akifika miezi 9;
- hatembei akifika miezi 18;
- hasemi neno lolote akifika miaka 2;
- alikuwa anaweza jambo fulani, sasa hawezi tena.

Anza na kliniki, na usisahau kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii pia anaweza kukuelekeza. Kwa mambo ya masomo, muulize mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo juu ya vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza hapa Kenya mwaka 1984. Wanampima mtoto na kushauri asome wapi na kwa njia gani. Mtu akikwambia mtoto kama huyo hana haja ya shule, mkumbushe Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikubagua.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mama mmoja peke yake hawezi. Kikundi kinaweza:

- kutenga kiasi kidogo katika mchango kiwe cha nauli ya mtoto kwenda hospitali;
- kumwomba seremala wa kijiji atengeneze kiti chenye kuegemea;
- kupokezana kumshinda mtoto siku moja kwa wiki, mama aende shambani au sokoni;
- kumtembelea mzazi aliyeacha kuja mikutanoni. Pengine ana mtoto ndani.

Akina baba pia wahusike. Mzigo huu mara nyingi huachiwa mama, na wengine hata hukimbiwa na waume zao.

Mchungaji mwema huwajua kondoo wake mmoja mmoja. Nasi tuwajue wetu hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni majina gani mabaya tunayowapa watoto kijijini kwetu? Nyuma ya jina hilo kuna hitaji gani?
2. Je, kuna mtoto jirani ambaye hatujamwona nje kwa muda mrefu?
3. Mkutano ujao, nani atakwenda kumtembelea, na siku gani?