Lugha Isiyotafsiriwa na Fumbo la Filamu: The Third Man Mbele ya Mtazamaji wa Mpakani

Katika The Third Man, filamu ya Carol Reed ya mwaka 1949 iliyoandikwa na Graham Greene, lugha isiyotafsiriwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya fumbo. Mandhari yake ni Vienna baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mji uliogawanywa baina ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Holly Martins, mwandishi Mmarekani, anawasili na kuelezwa kuwa rafikiye, Harry Lime, amegongwa na gari akafa. Martins hajui Kijerumani.

Kijerumani hicho hakina maandishi ya tafsiri kwenye skrini. Bawabu aliyeona mwili ukibebwa na watu watatu, wala si wawili, anatoa ushahidi kwa Kiingereza cha kuungaunga, Anna Schmidt akimsaidia. Bawabu anapouawa, mtoto mdogo anamnyooshea Martins kidole mbele ya umati, naye hang'amui kwamba anatuhumiwa uuaji. Mtazamaji asiyejua Kijerumani yumo gizani pamoja naye. Wahakiki wamezoea kusifu vivuli vya kamera. Giza hili ni la lugha.

Kwa mtazamaji wa Petta, wilayani Tororo, anayesema Dhopadhola nyumbani na kukuta Kiswahili, Kiganda, Kisamia na Kiteso akishuka Busia, mji ambao nao umekatwa na mpaka, kusikia nusu ya mazungumzo si jambo geni. Biashara ya Lime, penisilini ya magendo iliyozimuliwa ikaangamiza watoto, nayo haihitaji maelezo marefu mpakani.

Ugumu unaanzia kwa mfasiri. Katika vibanda vya video, vijee wa Uganda, sawa na DJ Afro anayefasiri kwa Kiswahili nchini Kenya, hufasiri na kufafanua papo kwa papo. Vijee akifasiri maneno ya mtoto yule, mtazamaji atajua kabla ya Martins: badala ya kupotea naye, atamwonea huruma. Hiyo yaweza kuwa burudani njema, ila ni filamu nyingine.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liridhie Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, suala hili si la wapenzi wa sinema pekee. Mwongozo wa tafsiri utakaopima usahihi wa maneno tu utamtunuku mfasiri aliyefumbua fumbo kabla ya wakati wake. Kwa filamu hii, Kiingereza kifasiriwe, Kijerumani kiachwe kisikike kilivyo. Wakati ukifika, Anna atamweleza Martins kwamba umati unamdhania muuaji.